Mkwe wa Gereji

Jumapili, 19 Desemba 2004. Irving, Texas.

Nimegundua njama. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe! Kifungo cha sare yangu kimekatika tena, nikaenda kutafuta sindano kwenye mkoba wa mke wangu, Kwamboka. Sindano sikupata. Nilipata kadi za chanjo za watoto. Ya Sheldon, miaka saba, na ya Kagendo, miaka minne. Zimefungwa pamoja na ripoti ya shule ya Sheldon kwa mpira wa nywele.

Tunakwenda Pearland, karibu na Houston, kwa Krismasi. Siku tatu. Nani huenda kula pilau na kadi ya chanjo?

Jibu ninalo. Pearland anakaa dada yake, Loice. Nesi kama yeye. Ana nyumba ya matofali, vyumba vinne, na mume anayeitwa Kamugisha, Mhaya wa Bukoba, mwenye Kiswahili cha mtangazaji wa habari, anayekata nyasi kila Jumamosi hata kama hazijaota. Mama yao alikuja kutoka Kisii mwezi uliopita na amefikia hapo. Kila simu ya Loice siku hizi ni moja: hospitali za Houston zinatafuta manesi, mama yupo, atashika watoto.

Najua Kwamboka amechoka. Yeye hufanya kazi usiku. Mimi huendesha basi la abiria kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, naondoka alfajiri. Tunapokezana watoto mlangoni na kuambiana nani amekula na nani ana homa. Ndiyo maisha yetu. Lakini kuchoka si sababu ya kumhamishia mtu watoto wake.

Ningeweza kumwuliza. Sitamwuliza. Mwanamume hapigi magoti katika nyumba yake. Mwanamume hupanga.

Mpango wa kwanza: gari liharibike.

Jumatatu, 20 Desemba.

Nimepeleka van kwa Florent, fundi Mkongomani anayetengeneza magari nyuma ya maghorofa ya Vickery Meadow. Ni mzee wa kanisa. Nilimweleza wazi, mwanamume kwa mwanamume: asiguse kitu. Ampigie tu mke wangu simu aseme gari hili halifiki Houston.

Alinisikiliza huku akifuta mikono. Kisha akaingia chini ya gari na kukaa huko saa mbili.

Alipotoka aliniambia, "Papa Sheldon, mimi siwezi kuambia madame bongo, uongo ni dhambi. Gari iko bien sasa. Nimetengeneza na hita, ni zawadi ya Noël."

Hita! Imekufa tangu tulipolinunua gari, huu mwaka wa nne. Nilimshukuru kwa uchungu mwingi. Jioni Kwamboka alimpigia simu akamwombea baraka yeye, mkewe Mado na vizazi vyao vyote. Hakuna adui mkubwa wa mipango kama mlokole anayejua kazi yake.

Jumatano, 22 Desemba.

Theluji! Imeanguka Irving! Mungu hamtupi mja wake!

Nilifungua pazia asubuhi nikaona magari yote meupe. Wiki hii Kwamboka amebadilishiwa zamu, anafanya mchana, na mimi nimebaki na watoto. Nikaketi na chai yangu nikafurahi. Barabara zitafungwa. Houston haiendeki. Krismasi hapa hapa, ugali hapa hapa, kadi za chanjo zirudi kabatini.

Tatizo likawa Sheldon. Mtoto huyu amezaliwa Texas, theluji ameiona kwenye televisheni tu. Kila mwaka ananiuliza itakuja lini, na kila mwaka namwambia mwaka ujao. Leo alikuwa amevaa viatu kabla sijamaliza chai. Kagendo nyuma yake, kiatu cha kushoto mguu wa kulia.

Nilifikiri haraka. Kwamboka akirudi akute watoto wanarushiana theluji na kucheka, nitamwambiaje kwamba nje ni kifo? Nikawaambia hawatoki. Wakauliza kwa nini. Nikasema theluji ya karibu na uwanja wa ndege imechanganyika na dawa za ndege. Ni sumu.

Walikaa dirishani. Watoto wote wa maghorofa haya walikuwa nje mpaka mchana, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Sheldon aliwatazama wote. Hakulia, na ingekuwa afadhali angelia.

Saa tisa jua lilitoka, theluji ikawa matope. Saa kumi na moja Kwamboka aliingia, kwa wakati, akasema barabara ni nzuri. Akawauliza watoto kama wamecheza.

"Dad said it's poison," Sheldon akasema.

Kwamboka alinitazama muda wa kutosha chai kuchemka. Akiniita Baba Sheldon, kuna amani. Akiniita Absalom, kuna kesi. Leo aliniita Absalom.

Nikaona ni lazima nitoe karata yangu ya mwisho. Kwao Kisii, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kuepukana. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja. Nilielezwa hayo siku ya posa. Mimi ni Mmeru. Mila si yangu, na kwa miaka tisa sijaikumbuka hata siku moja. Leo niliikumbuka. Nilisema kwa sauti nzito kwamba dhamiri yangu hainiruhusu kulala nyumba moja na mama. Kwa hiyo twende siku ya Krismasi tu, tule, na jioni turudi Irving. Sote wanne.

Kwamboka alichukua simu akampigia mama yake hapo hapo. Nilisikia sauti ya mama ikitetemeka. Analia! Amesema kati ya watu waliooa kwake, ni huyu Mmeru peke yake aliyelelewa. Miaka tisa sijawahi kusikia neno jema kutoka kwa mama huyo. Kusema kweli kifua kilinijaa.

Kisha Kwamboka akakata simu na kuniambia yaliyoamuliwa. Tunaondoka kesho. Mimi nitatandikiwa kitanda gereji. Mama alikuwa na wasiwasi kwamba gereji na nyumba ni paa moja, akamtuma Kamugisha apande ngazi kuangalia. Kamugisha alipanda. Ameripoti kwamba paa la gereji linaanzia chini ya lile la nyumba kwa futi mbili, yaani ni paa lake lenyewe.

Nikauliza Kamugisha mwenyewe analala wapi. Chumbani kwake. Mama amesema mila ya Kisii haimfungi Mhaya.

Haimfungi na Mmeru! Lakini ningesemaje, nami nimeshasifiwa?

Alhamisi, 23 Desemba. Pearland.

Saa nane njiani. Watu hufika kwa saa tano.

Mpango wa leo ulikuwa safari yenyewe. Mtu akiteseka vya kutosha barabarani, hatamani kuhamia kule barabara inakoishia. Nilianza na hita. Tulipotoka Dallas tu nikatangaza kwamba kazi ya Florent imeharibika. Baridi ikaingia. Kagendo akaanza kutoa kamasi. Karibu na Corsicana, Kwamboka alinyoosha kidole kimoja, akabonyeza kitufe cha hita, na joto likajaa garini. Nilikuwa nimeizima mbele ya macho yake.

Nikajaribu kusimama kila mahali. Choo, mafuta, upepo wa matairi, tena choo. Watoto walifurahia kila kituo. Walinunuliwa biskuti mara nne. Huntsville waliomba kuona lile sanamu kubwa jeupe la kando ya barabara na wakasema hii ndiyo safari nzuri kuliko zote. Kagendo alitapika biskuti, lakini alitapika mgongoni kwangu, Kwamboka hakuguswa.

Kuna jambo moja naliandika kwa sababu shajara ni yangu. Kabla ya Huntsville, watoto walipokuwa wamelala, Kwamboka alipunguza redio akaniuliza kama kuna kitu nataka kumwambia. Aliuliza taratibu. Nilitazama barabara. Nikamwambia taa ya mafuta inawaka. Haikuwa inawaka. Akaongeza redio.

Tulipofika, mama alikuwa ameshaingia jikoni ili tusikutane. Kamugisha alinipokea mlangoni mwa gereji akiwa na blanketi.

"Shemeji, usijisikie mnyonge. Hapa ni kwako," akasema.

Kitanda changu kiko kati ya mashine ya kukata nyasi na friji la pili. Gari lake amelitoa nje kwa heshima yangu.

Ijumaa, 24 Desemba.

Nyumba nzima inacheka na mimi nasikia kupitia ukuta. Mama na Kamugisha wanatazama mieleka kwenye televisheni, bega kwa bega kwenye kochi moja. Mhaya! Chakula changu analeta Kagendo, sahani kwa mikono miwili, akitembea polepole. Leo mchuzi ulifika nusu. Nilimwuliza nyanya yake anasema nini huko ndani. Akaniambia nyanya anasema Daddy is a good man so he sleeps outside.

Mama hunisalimia mara mbili kwa siku kutoka nyuma ya mlango. Huuliza nimeamkaje. Namjibu nimeamka salama. Mgongo wangu unajua ukweli.

Mchana watu wote walikuwa jikoni, na mlango wa kuja gereji ulikuwa wazi kidogo. Loice alikuwa anamwonyesha Kwamboka karatasi za shule iliyo karibu. Hawakunong'ona hata! Na Sheldon alikuwa anamwuliza Kamugisha kama theluji itakuja. Kamugisha akamwambia watabiri wa hali ya hewa wamesema huenda.

Nilicheka. Pearland! Watu wa huku hawana hata koti. Nikaona hapa ndipo mahali pa kupigia msumari. Nilisimama karibu na mlango ule nikasema kwa sauti, jikoni nzima isikie:

"Siku theluji ikianguka Pearland, siku hiyo watoto wangu watahamia Pearland, na mizigo nitawabebea mimi mwenyewe."

Mama akasema kutoka ndani kwamba amesikia, na kwamba wote waliomo humo wamesikia.

Nililala mchana kwa mara ya kwanza tangu nifike. Hatimaye nimewafunga.

Jumamosi, 25 Desemba. Krismasi.

Mdomo huponza kichwa.

Niliamshwa na kelele za watoto. Halafu mlango wa gereji, ule mkubwa wa umeme, ukaanza kupanda wenyewe. Kamugisha alikuwa nje na rimoti. Nilikuwa kitandani, koti juu ya pajama, kofia ya Kwamboka kichwani, nikitazamana na mtaa mzima. Jirani mmoja aliyekuwa na mbwa alinipungia mkono.

Nyasi za Kamugisha hazikuonekana. Kila kitu kilikuwa cheupe. Paa, magari, sanduku la barua. Watu wa mtaa wamesimama nje na taulo mabegani, wazee kwa vijana, wanapiga picha kama walioona malaika.

Sheldon alikuwa amevaa soksi mikononi badala ya glovu. Alikuwa anakimbia bila kwenda popote, anaanguka makusudi, anaamka. Sijawahi kumwona mtoto wangu na uso ule. Kagendo alichota theluji kwa mkono, akaitazama, akauliza kama hii ni sumu. Alimwuliza Kamugisha. Mimi nilikuwa karibu naye zaidi.

Mama alitoka amejifunika leso kichwani. Alisimama kunipa mgongo, kwa adabu, akaongea akilitazama sanduku la barua.

"Mkwe wangu alisema, na Mungu amemsikia," akasema. "Mtu anayeshika mila hivi, atashindwaje kushika neno lake?"

Loice alipiga vigelegele. Kamugisha alinipa mkono wa pole au wa pongezi, sikuelewa. Kwamboka peke yake hakufurahi. Alikuwa ananitazama mimi, si theluji.

Baada ya chakula cha mchana (sahani, Kagendo, mchuzi nusu) Kwamboka alikuja gereji. Alifunga mlango nyuma yake, akaketi kwenye ndoo ya rangi. Alisema kazi ameipata. Wiki mbili zilizopita. Alitaka kuniambia, lakini kila akifungua mdomo mimi naongea juu ya gari. Alisema hakutaka kuniibia watoto. Kadi za chanjo aliziweka kwenye mkoba akijua nikikosa sindano yangu natafuta humo. Alitaka nizione. Alitaka nimwulize.

Kisha akasema, "Absalom, wachana na theluji. Wachana na mama. Sema tu mwenyewe hutaki tukuache. Ukisema, mimi na-cancel kila kitu, na kesho tunarudi wote."

Neno lilikuwa hapa kooni. Msiniache. Ni neno moja tu, lingetoka kwa pumzi moja. Nilifungua mdomo. Lakini nikamsikia Kamugisha akicheka nyuma ya ukuta, nikafikiria jinsi nitakavyorudi Irving na watu waliorudi kwa kuombwa. Mtu akiomba leo, ataomba kila mwaka. Nikaona kuna njia bora.

Nikamwambia kwamba theluji ile haifiki kwenye kifundo cha mguu, na kwa hiyo, ukiangalia vizuri, si theluji kamili, na ahadi yangu haijaiva.

Alingoja. Alingoja sana. Maji ya theluji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye lile paa, paa langu mwenyewe.

Halafu akainuka, akachukua sahani yangu. Sikuwa nimemaliza kula.

Jumapili, 26 Desemba. Irving.

Nilibeba mizigo, kama nilivyoahidi. Kulikuwa na mizigo mingi chini ya viti kuliko niliyoiona nikipakia. Nguo za majira ya joto. Baiskeli ndogo ya Kagendo, imefunguliwa magurudumu. Niliifikisha mlangoni na kuiacha hapo, maana ndani yupo mama.

Sheldon alinikumbatia kiunoni akaniuliza nitakuja lini. Nikamwambia karibuni. Akaniuliza kama "karibuni" hii ni kama ile ya theluji.

Kagendo alinipa mkebe wa siagi umejaa theluji. Alitaka niupeleke Irving, kwa sababu theluji ya Irving ni mbaya. Niliuweka kwenye kiti chake na kuufunga mkanda. Nilipofika Conroe ulikuwa maji.

Saa nne na nusu tu njiani! Gari halikusumbua hata kidogo. Hita ilifanya kazi mpaka nyumbani.

Nimeyaweka yale maji kwenye friza, ndani ya mkebe wake. Yameganda. Sasa ni barafu ya kawaida, ina jani moja ndani. Nimelia kidogo. Hakuna aliyeona, kwa hiyo haihesabiki.

Jumatatu, 3 Januari 2005.

Mwaka mpya, akili mpya.

Sheldon ameanza shule huko leo. Kwamboka hupiga simu kila siku saa moja jioni. Siku za kwanza nilipokea. Hasemi maneno makali, na hilo ndilo linaloniumiza. Juzi aliniambia nije. Mama hatakaa milele, na nyumba ya kupanga ipo mtaa wa pili, tukaishi sisi wanne. Hata kazi iko: uwanja wa ndege wa kule nao una maegesho, na kuna mtu anayetafuta madereva. Nikamwuliza ni nani anayemjua mtu huyo. Akasema Kamugisha.

Nikamwambia nitafikiria. Nimefikiria. Nioe mimi, nitafutiwe kazi na Mhaya? Haiwezekani.

Leo kazini nilimweleza Gracien, Mkongomani wa Bukavu anayeendesha basi la pili. Nilimweleza kijuujuu tu, kama habari ya mtu mwingine. Akasema kwao jambo hili lina dawa. Mke akikaa kwa ndugu zake, mume hamfuati, hapigi simu, hapokei simu. Ananyamaza kabisa. Ndugu wa mke wakiona kimya wanaingiwa na hofu, wanamrudisha wenyewe pamoja na watoto, na kuku juu yake.

Nikamwuliza kama ameona ikifanya kazi. Gracien hajaoa. Lakini alisema kwa uhakika mkubwa, na mila ni mila. Kosa langu la Desemba nimeliona: nilichukua mila ya upande wao, wakaijua kuliko mimi. Hii ya Bukavu hawaijui. Hawataelewa hata kimewapiga nini!

Nimenunua unga wa watu wanne ili wakirudi wasikute nyumba tupu.

Simu inalia. Saa moja kamili. Namba ni ya Pearland. Huenda ni Kagendo, maana siku hizi yeye ndiye anayeachiwa kubonyeza namba.

Inalia bado. Mkebe wa siagi nimeutoa kwenye friza, uko mbele yangu mezani.

Imenyamaza. Mpango unafanya kazi.